Amsterdam na Prague na binti wa miaka 12: anza na Jumamosi

Mteja wetu mmoja wa Eldoret alituandikia swali fupi tu: je, kadi yake ya mtandaoni itafanya kazi Prague? Tukamjibu, kisha tukauliza anaenda kufanya nini huko. Kumbe binti yake wa miaka 12 alisoma shajara ya Anne Frank likizo ya Aprili, na tangu hapo maswali hayaishi mezani. Mama ameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka miwili. Agosti, wawili hao wanataka kwenda kujionea historia ya Wayahudi wa Ulaya.

(Historia yenyewe haiko mbali na kwao. Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza Wayahudi wapewe ardhi pale pale Uasin Gishu. Binti hakuamini.)

Mpango wa kwanza ulikuwa miji minne kwa siku sita. Hiyo ni safari ya kuona stesheni. Ikabaki miwili, Amsterdam na Prague. Uliomuuma kuutoa ni Kraków, maana alitaka kufika Auschwitz. Lakini wasimamizi wa pale wenyewe wanashauri watoto walio chini ya miaka 14 wasipelekwe. "Imebaki miaka miwili tu," alituambia, na tulimwelewa: pesa kama hizi hazipatikani mara mbili. Mwishowe alikubali, na sisi tunaona alifanya vyema.

Prague haifichi kilichotokea. Kuta za Sinagogi ya Pinkas zimeandikwa majina ya karibu Wayahudi 80,000 wa nchi hiyo waliouawa. Ghorofani kuna michoro ya watoto waliofungiwa Terezín kati ya 1942 na 1944, na mtoto yeyote anajua kuchora ni nini. Nje ni makaburi ya zamani, mawe yamebanana kwa sababu ardhi ilikuwa haba na watu walizikwa tabaka juu ya tabaka. Wageni huacha kokoto juu ya mawe hayo.

Sasa kalenda. Jumamosi ni Sabato, na sehemu hizi za Prague hufungwa. Sinagogi ya Wareno ya Amsterdam, iliyojengwa 1675 na ambayo hadi leo huwashwa mishumaa badala ya stima, nayo haipokei watalii siku hiyo. Nyumba ya Anne Frank hufunguliwa, kwa hivyo Jumamosi yao itakuwa hapo.

Tikiti za nyumba hiyo huuzwa mtandaoni pekee. Kila Jumanne saa nne asubuhi ya Amsterdam, ambayo kwa safari ya Agosti ni saa tano hapa kwetu, hutolewa za kuingia wiki sita baadaye, na huisha haraka. Weka pesa kwenye kadi Jumatatu usiku. Wacha laini yako ikiwa hewani, kwa sababu benki inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwa SMS.

Kadi ya mtandaoni haina plastiki, kwa hivyo haitaingia kwenye ATM. Beba ya kawaida pia. Uholanzi wanatumia euro, Cheki wanatumia koruna. Mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi za Kenya, kataa, chagua koruna. Mwenzetu mmoja aliwahi kubofya shilingi kwa sababu ilionekana kama neno la nyumbani, akalipia kiwango kibaya cha kubadilisha pesa.

Visa ya Schengen ni moja kwa nchi zote mbili. Omba kwa ile mtakayokaa siku nyingi. Mtu mzima ni euro 90. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni 45, lakini binti ameshafikisha 12, basi ni 180 kwa wawili, na ukinyimwa hazirudi. Bima lazima ifikie euro 30,000. Kwa vile baba haendi, inahitajika barua yake ya idhini. Hiyo ndiyo imechukua muda kuliko kila kitu, kwa sababu yuko kazini Qatar.

Barua ilifika juzi. Binti ametengewa euro 20 za kwake, na ameshasema atanunua daftari.