CONAKAT: chama cha "Wakatanga halisi"

"Weye njo wa wapi?" Ile ulizo, wazee wa Kapata wanaijua sana.

Desemba 1957, Elisabethville (Lubumbashi ya leo) ilichagua mabourgmestre. Watu wa Kasai wakashinda kwa wingi. Oktoba 1958 Godefroid Munongo na wenzake wakaunda CONAKAT, kisha Moïse Tshombe akakiongoza. Walitaka Katanga ya "Wakatanga halisi", fédération, urafiki na Ubelgiji, na wakapinga ukomunisti.

Lakini hao "wageni", nani aliwaleta? Union Minière njo iliwaandika kazi kule Kasai, tangu miaka ya 1920. Na chama hichohicho, mwaka 1959, kilipokea Union Katangaise, chama cha walowezi Wazungu. Hao hawakuitwa wageni!

11 Julai 1960 Tshombe akatangaza Katanga kujitenga. Kodi za Union Minière zikalipa serikali na askari wake. Januari 1963 askari wa ONU wakaingia Kolwezi, ikaisha.

Ile ulizo haikuisha. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa UFERI ya Nguz na Kyungu, watu wa Kasai walifukuzwa tena, hapa Kolwezi pia. Familia za wafanyakazi wa Gécamines zililala kwenye gare, zikingoja treni. Batoto wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa.