Dumu la mafuta la lita 5 linakaa siku ngapi nyumbani kwako?

"Jumatatu naanza dayati." Sentensi hii husemwa Jumamosi jioni kwenye sherehe, sahani ya pilau ikiwa mkononi, na anayeisema huwa anamaanisha kabisa. Jumatatu ikifika anaanza kweli. Asubuhi anakunywa maji ya moto yenye limao, mchana anamwambia mama ntilie leo hali, na jioni anaondoka Kariakoo akiwa amesimama kwenye daladala mpaka nyumbani. Anaingia ndani saa mbili usiku njaa imemkamata hadi mikono inatetemeka, anakuta ugali, samaki wa kukaanga na mboga iliyoungwa ikaungika. Hapo hata malaika angekula.

Kufikia Alhamisi dayati imekwisha, na mwenyewe anajilaumu kwamba hana msimamo.

Mimi nadhani tatizo haliko kwenye msimamo. Dayati nyingi tunazoletewa kwenye simu zimepangwa kwa mtu anayeishi peke yake, mwenye jiko lake, muda wake na pesa ya kununua vyakula vyake. Nyumba zetu nyingi zina chungu kimoja. Kinachopikwa ndicho kinacholiwa na baba, mama, watoto, dada wa kazi na mgeni aliyefika bila taarifa. Mama anayetaka kupungua anaambiwa apike ugali wa wote, kisha yeye ajichemshie kabichi pembeni. Nani anaweza hayo kwa miezi sita?

Jambo lenyewe si la watu wachache. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kuwa mwaka 2010 asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Utafiti wa 2015/16 ukakuta asilimia 28. Ule wa 2022 ulionyesha kwamba sasa ni zaidi ya theluthi moja ya wanawake. Mijini hali ni nzito zaidi kuliko vijijini, na nyuma ya uzito huo huja presha, kisukari cha ukubwani, magoti yanayouma na mimba zenye matatizo.

Ninaishi Tabata na dada yangu, mumewe na watoto wao watatu, mdogo akiwa na miaka minne. Mwezi Januari dada, ambaye ana miaka 38, alipimwa presha mara tatu katika siku tofauti, na kila mara ikasoma juu ya 150 kwa 95. Uzito ulikuwa kilo 89, urefu sentimita 160. Alipewa vidonge na maneno mawili: punguza uzito, punguza mafuta. Akarudi nyumbani na swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: apunguze mafuta kutoka kiasi gani? Sisi hatukuwa tukijua tunatumia kiasi gani. Tulikuwa tunamimina tu.

Basi tukafanya kitu rahisi. Siku lilipofunguliwa dumu jipya la lita 5, dada aliandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Likaisha siku ya 15.

Fanya hesabu pamoja nami. Lita 5 za mafuta ya kula zina uzito wa kama kilo 4 na gramu 600. Ukigawa kwa siku 15 na watu sita, kila mtu alikuwa anakula gramu 51 za mafuta kwa siku, yaani karibu vijiko vinne vya chakula, mtoto wa miaka minne akihesabiwa kama mtu mzima. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, kwa hiyo mafuta pekee yalikuwa yanaleta kalori zinazokaribia 460. Mwanamke wa makamo asiyefanya kazi nzito huhitaji kama 2,000 kwa siku nzima. Karibu robo ya mahitaji yake inaingia kwa njia ya mafuta ya kupikia kabla hujahesabu ugali, wali, sukari ya chai wala soda ya jioni.

Na hayo mafuta hayamshibishi mtu. Ndiyo maana nasema tuanzie hapo. Ukimpunguzia mtu ugali ataona, atalalamika, na usiku atafungua friji. Ukipunguza mafuta kwenye chungu, wengi hawaoni.

Dada aliacha kumimina kutoka kwenye dumu. Alinunua chupa ndogo, akaweka kijiko cha chakula karibu na jiko, na kila mboga ikapewa vijiko vyake: viwili kwa mchicha wa watu sita, vitatu kwa maharage. Vitunguu vikianza kushika chini anatia maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Samaki wa kukaanga wakabaki wa Jumapili tu. Siku nyingine wanachemshwa kwa nyanya, ndimu na kitunguu saumu, au wanachomwa. Chapati zikatoka kila siku zikawa mara mbili kwa wiki. Shemeji alilalamika siku ya tatu kwamba mchicha umekuwa wa hospitali. Dada akaongeza nazi kidogo na pilipili mbuzi, kesi ikaisha. (Nazi nayo ina mafuta, naijua hoja hiyo. Tui jepesi la nazi moja kwa watu sita si sawa na mafuta ya kumimina.)

Dumu lililofuata lilikaa siku 24. Hiyo ni sawa na gramu 32 kwa mtu, yaani vijiko viwili na kidogo. Kwa hesabu hiyo kila mtu amepunguziwa kalori kama 170 kwa siku bila kuondolewa tonge hata moja la ugali. Kwa mwezi nyumba iliyokuwa inanunua lita 10 ikawa inanunua lita 6 na ushee, na ukitaka kumshawishi mume anayependa mchuzi unaong'aa, mpe hesabu hiyo kwanza. Habari za kolesteroli zifuate baadaye.

Kwa mwenye mtoto aliye chini ya miaka miwili, tafadhali hapa simama. Mtoto huyo tumbo lake ni dogo na mwili unajengwa kwa kasi, anahitaji mafuta kwenye uji na chakula chake. Nchi hii bado ina tatizo upande wa pili: utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye uzito mkubwa na mtoto asiyekua vizuri, wote wakila chungu kimoja. Mtolee mtoto sehemu yake, ongeza karanga zilizosagwa, yai, dagaa wa unga au kijiko kidogo cha mafuta, na usimwingize kwenye mpango wa kupungua wa mtu mzima.

Baada ya mafuta, tulitazama sukari. Soda ya mililita 350 ina kama gramu 37 za sukari, ambazo ni vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko sita vya chai. Chupa moja imeshavuka. Juisi ya kutengeneza nyumbani tunaiheshimu kwa sababu imetokana na matunda, lakini glasi moja ya juisi ya machungwa hukamua matatu au manne, nyuzi zikatupwa, halafu wengi wetu tunatia sukari juu yake. Mpe mtoto chungwa alimenye. Dada alitoka vijiko vitatu vya sukari kwenye chai akaja viwili, akakaa hapo wiki tatu, ndipo akashuka kimoja. Ulimi huzoea, ila haupendi kushtukizwa.

Kuna imani nyingine ambayo naisikia kila ninapozungumza na wazazi: kwamba ukihamia dona unaweza kula unavyotaka. Dona ni bora kuliko sembe, lina nyuzi na virutubisho zaidi na hushibisha kwa muda mrefu. Kalori zake, hata hivyo, zinakaribiana kabisa na za sembe. Kilo moja ya unga, wowote ule, ina zaidi ya kalori 3,400. Parachichi ni hivyohivyo: ni tunda zuri, lakini moja kubwa kutoka Njombe linaweza kuwa na kalori nyingi kuliko sahani ndogo ya wali. Kula nusu, mpe mwenzako nusu.

Kwenye kupakua, nyumba yetu ilibadili mpangilio tu. Mboga za majani na maharage huingia kwanza sahanini, zikashika nusu yake, ugali au wali hufuata. Kwa mama ntilie dada anaomba "wali nusu, mchicha jaza", na bei inabaki ileile, ambalo bado linamuudhi. Kilichokuwa kigumu zaidi kuliko vyote ni kumalizia sahani za watoto. Akina mama mnanielewa. Chakula ni pesa, kutupa ni dhambi, kwa hiyo tumbo la mama linageuka kuwa mahali pa kuhifadhia mabaki: matonge mawili ya mkubwa, nusu kipande cha chapati ya mdogo, mchuzi wa katikati. Suluhisho lilikuwa kuwapakulia watoto kidogo na kuwaambia waongeze wakitaka. Siku hizi sahani zinarudi tupu.

Muda wa kula usiku hatukuweza kuubadilisha sana. Mtu anayefika saa mbili hawezi kula saa kumi na mbili kama mabango yanavyoshauri. Alichofanya dada ni kubeba ndizi mbivu au karanga za kiganja kimoja, akala saa kumi na moja kabla ya kupanda daladala, ili asiingie nyumbani na njaa ya kutetemeka. Kitu kidogo hiki ndicho kilichopunguza chakula cha usiku kuliko maonyo yote.

Mazoezi nayo yana nafasi yake, ingawa tusiyape kazi yasiyoiweza. Kutembea nusu saa hakulipii chapati mbili. Faida yake iko kwenye presha, sukari, usingizi na kuzuia uzito uliopungua usirudi. WHO inashauri angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au shughuli inayofanana na hiyo. Dada anashuka vituo viwili kabla ya kazini asubuhi, kwa sababu jioni barabara yetu ina giza na hakuna sababu ya kumwambia mwanamke atembee gizani kwa ajili ya afya.

Baada ya miezi mitatu alikuwa na kilo 85. Kilo nne. Kwenye mitandao kilo nne ni matangazo ya siku saba, na ndiyo maana chai za kukata tumbo zinauzika. Nyingi ya chai hizo zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na kinyesi, na ukinywa maji vizuri mizani inarudi palepale. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni salama kwa watu wengi, na dada yangu amepungua polepole kuliko hapo. Kwa urefu wake bado anahesabiwa kuwa na unene uliokithiri. Lakini mtu mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 mpaka 10 tu ya uzito wake, presha na sukari huanza kupata nafuu, naye ameikaribia ile 5. Kipimo chake cha mwisho cha presha kilikuwa 136 kwa 86. Vidonge anaendelea navyo. Kuviacha au kuvipunguza ni uamuzi wa daktari, hata siku mtu anapojisikia mzima kabisa.

Mtihani mwingine ulikuja Pasaka, mama mkwe alipofika kutoka Moshi. Alimtazama dada mlangoni, akamshika mkono, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, unaumwa?" Kwa kizazi chake, na hata cha kwetu, mwanamke aliyenenepa ametunzwa, anayekonda ana ugonjwa, au nyumba ina matatizo. Tumeishi miaka mingi ya UKIMWI ambapo kukonda kulikuwa habari ya msiba, na hofu hiyo haikuondoka siku dawa zilipopatikana. Dada hakubishana. Alimwonyesha kadi yake ya kliniki, akamsomea namba za Januari na za sasa. Mama mkwe naye akatoa kadi yake kutoka kwenye mkoba; ya kwake ilikuwa 160.

Kama unataka kuanza nyumbani kwako, huhitaji mizani. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu baada ya kutoa pumzi, uandike. Kwa mwanamke zaidi ya sentimita 80, na kwa mwanamume zaidi ya 94, ni dalili ya kwenda kupima presha na sukari. Rudia baada ya wiki nne, isiwe kila asubuhi. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kisukari waongee kwanza na mhudumu wa afya kabla ya kupunguza chochote, na mtu anayekonda bila kukusudia awahi hospitali wiki hiyohiyo. Kisha tafuta kalamu ya wino mzito, na dumu likifunguliwa andika tarehe.