"Would" si -nge- kila mahali

Leo ningependa tulitazame neno moja la Kiingereza linalotutatiza sana tunapotafsiri. Neno lenyewe ni "would".

Wengi wetu tumezoea kwamba "would" ni -nge-. Ni kweli, lakini si wakati wote. "If I had money, I would buy a bicycle" ni "Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli." Hapa hakuna pesa wala baiskeli, ni ndoto tu.

Sasa hebu tazama hii: "Every evening Grandfather would tell us stories." Ukiandika "Kila jioni babu angetusimulia hadithi," umemnyang'anya mzee hadithi zake! Msomaji atauliza: angetusimulia, kwani nini kilimzuia? Mwingereza anamaanisha kwamba babu alisimulia, tena mara kwa mara, mpaka watoto wakazoea kumngojea. Basi sema: "Kila jioni babu alikuwa akitusimulia hadithi."

Jambo hili si la darasani tu. Katika mazishi ya mama mmoja mtaani kwetu, wasifu wake ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, ukasomwa kwa Kiswahili. Tukasikia: "Mgeni akifika, angempikia." Nyanya mmoja aliyeketi karibu nami akanong'ona, "Kwani alikuwa hawapikii?" Na marehemu alikuwa mkarimu ajabu! Silabi moja ilimfanya aonekane mchoyo siku ya kuzikwa kwake.

Je, utajuaje ni "would" ipi? Kwanza, tafuta maneno kama "every day", "often" au "whenever". Hayo mara nyingi huonyesha mazoea. Pili, weka "used to" mahali pa "would". Sentensi ikibaki na maana ile ile, usitumie -nge-. Lakini usigeuze kanuni hii kichwa chini: "I used to live in Nakuru" haiwi "I would live in Nakuru", kwa sababu kuishi mahali ni hali, si tendo linalorudiwarudiwa.

Ndugu yake "would", yaani "will", naye ana ujanja wake. "Oil will float on water" si habari ya kesho. Ni jambo tunalolitarajia siku zote, kwa hivyo tunasema "Mafuta huelea juu ya maji," wala si "yataelea". Vivyo hivyo, "If you heat ice, it melts" ni "Ukipasha barafu joto, huyeyuka." Hapo -ki- inaleta sharti na hu- inaleta mazoea.

Wahenga waliviweka viwili hivi katika methali moja: "Ningalijua huja baadaye." "Ningalijua" ni jambo ambalo halikuwa, na "huja" ni jambo ambalo huwa kila mara. Ukiweza kuvitenganisha hivyo, tafsiri haitakusumbua tena.

Kiswahili kitukuzwe!