Geel: mji uliowapokea wenye wazimu nyumbani

Katika maparokia yetu mengi kuna mtu ambaye wakristu wanamjua kwa jina la dharau tu. Anatembea sokoni na nguo zilizopasuka, analala barazani pa kanisa, watoto wanamtupia mawe. Mwingine hatumwoni, kwani ndugu zake wamemfunga kamba katika chumba cha nyuma. Tukiulizwa ni nani anayepashwa kumtunza, tunajibu upesi: waganga wa hospitali, ao Serikali, ao Masista. Mji mmoja wa Ulaya ulitoa jibu lingine tangu zamani, na jibu lile linatuhusu sisi Mapadri, seminaristi na makatekista.

I. Habari ya Geel

Geel ni mji wa Ubelgiji, katika jimbo la Antwerpen. Pale wanamheshimu Mtakatifu Dymphna. Masimulizi yasema alikuwa binti wa mfalme wa Irlandi katika karne ya 7. Mama yake alipokufa, baba yake alirukwa na akili akataka kumwoa binti yake mwenyewe. Dymphna akakimbia pamoja na padri Gerebernus, lakini baba aliwafuata hata Geel, wakauawa wote wawili. Maisha haya yaliandikwa katika karne ya 13 tu. Kwa hiyo tusiyashike yote kama historia. Lakini tunajua hakika kwamba watu waliwaleta wagonjwa wa akili pahali pale ili waombewe. Kanisa la Mtakatifu Dymphna lilianza kujengwa mwaka 1349, na mwaka 1480 wakajenga chumba cha wagonjwa kilichoshikamana na kanisa. Mgonjwa alikaa siku 9 katika sala.

Basi, siku ya 10 ilikuwaje? Wengine walirudi kwao. Wengine hawakupona, na wengine walingoja nafasi kwa sababu chumba kilijaa. Watu wa mji wakaanza kuwalaza katika nyumba zao. Mgeni alikula mezani pamoja na watoto, akakata majani ya ng'ombe, akachota maji. Mwaka ukapita, na mwingine tena. Mgeni akawa mtu wa nyumba. Wazee walipokufa, mara nyingi watoto wao walirithi pamoja na shamba kazi ya kumtunza yule mgonjwa.

Mwishoni mwa karne ya 18 watawala wa Mapinduzi ya Ufaransa walilifunga kanisa, lakini jamaa hazikufunga milango yao. Mwaka 1821 mganga mashuhuri Esquirol alitoka Paris kuja kutazama jambo hili. Tangu sheria ya mwaka 1850 Serikali ya Ubelgiji ilishika usimamizi, na mwaka 1862 hospitali ilifunguliwa pale pale. Mwaka 1938 wagonjwa waliokaa katika jamaa walifika 3.736. Nyakati hizi hesabu imepungua sana, kwani dawa ni nyingine na maisha ya nyumbani ni mengine. Lakini desturi haikufa. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika kati ya mifano bora ya kulinda urithi wa watu.

Tusidhani kwamba Geel ilikuwa paradizo. Zamani wagonjwa waliozoea kutoroka walitiwa pingu miguuni hata pale. Usimamizi wa waganga ulisaidia kuyaondoa mambo kama hayo.

II. Mawazo yaliyo chini ya desturi hii

Kwanza, nyumba si zawadi ya kupona. Sisi tunasema mara nyingi: «Apone kwanza, kisha tutampokea.» Watu wa Geel waligeuza utaratibu huo: walimpokea kwanza, akipona ao asipopona. Mtu asiye na pahali pa kulala hawezi kunywa dawa kwa saa yake, wala kutulia, wala kumwamini mtu. Siku hizi waganga wengi wanaohangaikia wagonjwa wasio na makao wamefika kwenye wazo lile lile: mpe makao, kisha tembea naye.

Pili, mtu ni zaidi ya ugonjwa wake. Katika Geel hawakumwita «mgonjwa». Walimwita kwa neno lao lenye maana ya mgeni anayekula na kulala nyumbani. Tena jamaa, kwa desturi, haikuambiwa jina la ugonjwa. Iliambiwa mambo ya lazima tu, halafu ikamjua mtu mwenyewe: anapenda nini, anaogopa nini, anaamka saa ngapi. Teolojia yetu yafundisha kwamba sura ya Mungu haikai katika akili timamu peke yake. Tunambatiza mtoto mchanga asiyejua kufikiri. Tutamnyimaje heshima mtu mzima aliyepotewa na fikira zake?

Tatu, kila mtu ana kazi yake. Aliyeweza kulima alilima, na aliyeweza kubembeleza mtoto tu alibembeleza mtoto. Kumtunza mtu si kumkalisha chini tu na kumlisha.

Ine, upendo haukatai mganga. Mgonjwa akichafukwa sana, jamaa ilimpeleka hospitalini. Akitulia, alirudi nyumbani kwake. Nyumba bila mganga inachoka, na hospitali bila nyumba inamtupa mtu njiani siku anapotoka.

Tano, malipo hayaharibu upendo. Jamaa za Geel zilipata franka za kumlisha mgeni wao. Wengine wanachukizwa na jambo hilo. Lakini Msamaria wa Injili alimlipa mwenye nyumba ya wageni, na Yezu hakumlaumu. Maskini anayetunza maskini mwenzake anahitaji unga.

III. Je, ni jambo la Wazungu tu?

Mwaka 1954 mganga Thomas Adeoye Lambo, Mwafrika wa Nigeria, alianza kazi ya namna hii huko Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa walipanga nyumba katika vijiji vya kando ya hospitali, kila mmoja pamoja na ndugu wa kumpikia. Walitibiwa hospitalini, kisha walirudi kijijini, wakilima na kucheza ngoma kama wengine. Vijiji vilipata faida, na wagonjwa hawakutengwa na watu wao. Katika Bouaké, inchi ya Côte d'Ivoire, Grégoire Ahongbonon, fundi wa mipira ya magari mwenye asili ya Benin, alianza kuwapelekea chakula wagonjwa wa njiani, kisha akafungua wengi waliofungwa minyororo. Chama alichoanzisha kina jina la Mtakatifu Kamilo. Hapa kwetu Mafrera wa Charité wanawatibu wagonjwa wa akili, na waganga wao wanajua taabu hii: aliyepona anarudi, lakini jamaa haimtaki.

IV. Kazi yetu

Katekista asiseme upesi kwamba ni pepo ao ulozi. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inakataza mtu yeyote kufanya ibada ya kupunga pepo bila ruhusa wazi ya Askofu, na Kanisa linataka tutambue kwanza kama ni ugonjwa. Sala iwepo, lakini asiwepo mtu wa kumzuilia mgonjwa dawa, wala kumpiga, wala kumnyima chakula kwa jina la Yezu.

Tena, kila jumuiya ndogo ya wakristu ijue wagonjwa wake. Jamaa moja ikichoka, nyingine impokee kwa juma moja. Mmoja ampeleke hospitalini, mwingine alete unga, mwingine amnyoe. Padri akiingia katika nyumba ile, asalimie mgonjwa pia, kwa jina lake la ubatizo. Watu wataona na kufuata.

Tukumbuke yule mtu wa inchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini, ambaye minyororo haikumshinda. Alipoponywa alitaka kupanda mtumbwi pamoja na Yezu. Bwana hakukubali; alimtuma arudi nyumbani kwa watu wake. Injili haituelezi kama watu wale walimfungulia mlango. Wakati wetu, mlango ule uko mikononi mwetu.