Kura ya umeme ndani ya maji ya alevini: samaki hawatakuambia

Mu gazeti hili tunazoea kuongea juu ya chakula cha samaki, namna ya kuchimba kidimbwi na namna ya kuchagua wazazi wa alevini. Mara hii tunaongea juu ya kitu kingine kilichoingia mu nyumba za alevini polepole, bila mtu kufanya nacho mafunzo: kura ya umeme.

Ilianza na ziara yetu kwa kooperativi moja inayofuga kambale na tilapia. Wanaweka alevini ndani ya matanki ya plastiki yaliyokatwa juu, na akwariamu mbili za kioo kwa vitoto vya siku za kwanza. Iko pompe ndogo inayozama ndani ya maji, iko mashine ya kupuliza hewa, na usiku wanaongeza chuma cha kupasha maji moto juu baridi ya milima inaua vitoto. Asubuhi moja mama anayechunga matanki aliingiza mkono juu ya kutosha vitoto vilivyokufa. Alikuwa bila viatu, na sima ya chini ilikuwa imelowa. Kura ikamkamata. Vidole vikajifunga, sauti haikutoka. Kijana wake alikuwa karibu na ukuta, akavuta fishi. Mama yuko mzima leo, anafanya kazi yake. Lakini wakati tulipokaa naye, neno alilorudilia mara tatu ni hili: «Lakini samaki walikuwa wanaogelea muzuri!»

Neno hilo ndilo limetufanya tuandike. Tumelisikia fasi nyingi, hata mu vinywa vya mafundi: kama samaki ni wazima, basi maji hayana kura. Si kweli, na sharti tuelewe juu ya nini si kweli.

Kura haiingii mahali na kubaki pale. Inatembea tu kama iko na njia ya kurudia kule ilikotoka. Kwenye kabini ya umeme, waya mmoja umefungwa na ardhi, kwa hiyo ardhi yenyewe inakuwa njia ya kurudi. Sasa fikiri tanki la plastiki juu ya meza ya mbao. Pompe imepasuka kidogo, waya wa moto unagusa maji. Maji yote yanapanda kwa volti 220, lakini plastiki na mbao hazipitishi, basi kura haina kwa kutokea. Samaki yuko ndani ya volti 220 kichwa na mkia pamoja, hakuna kinachopita katikati ya mwili wake. Ni kama ndege anayekaa juu ya waya wa barabarani. Halafu unakuja wewe, miguu juu ya udongo uliolowa, unaingiza mkono. Njia imepatikana. Njia ni wewe.

Iko mara samaki nao wataruka au watakufa, kama nyaya mbili zote zimefunguka ndani ya maji. Lakini usiwangojee wakupe habari.

Na maji yanaongeza ubaya kwa namna ya pili. Ngozi kavu inakataa kura kiasi fulani. Ngozi iliyolowa haikatai sana: mwili wa mtu aliyelowa unaweza kushuka mpaka omu 1000 hivi. Gawanya volti 220 kwa 1000, unapata miliampe 220. Sasa, miliampe 10 hivi zinatosha kufunga misuli ya mkono hata ushindwe kuachilia. Zikipita 30 na zikidumu, moyo unaweza kupoteza mwendo wake. Ule mama aliponea juu ya sekunde, si juu ya nguvu.

Wengi wanatuambia: sisi tuko na fizibo, tuko na disjonkteri, itakata yenyewe. Hapana. Disjonkteri ya kawaida ya ampe 10 inachunga nyaya zisiungue. Haikuchungi wewe. Ampe 10 ni miliampe 10.000, mtu anakufa kwa sehemu ndogo sana ya ile, na disjonkteri inabaki imenyamaza. Kinachochunga mtu ni disjonkteri diferansieli ya miliampe 30. Yenyewe inapima kura inayotoka kwa waya mmoja na kura inayorudi kwa waya mwingine. Kama inayorudi imepunguka, maana yake kuna inayopotea kupitia mahali pengine, pengine kupitia mtu, inakata mara moja, mbele moyo haujapata shida. Ukienda kununua, soma juu yake: kuandikwe 30 mA. Ziko za 300 mA, zile zinasaidia juu ya moto wa nyumba, si juu ya mkono wako. Iko na kidude kidogo chenye herufi T. Kifinye kila mwezi. Kisiporuka, kibadilishwe.

Kama pesa ya kooperativi inatosha kitu kimoja tu, nunueni hicho mbele ya pompe ya pili.

Pamoja nacho, waya wa ardhi. Tunaona fishi nyingi zimekatwa chuma cha tatu juu prizi iko na matundu mawili. Chombo chenye mwili wa chuma kikiharibika ndani, ule waya ndio ungetoa kura kuipeleka ardhini. Mwite fundi anayejua, apige piketi mu udongo unaobaki na unyevu, aunganishe na prizi za nyumba ya alevini.

Mambo mengine hayaombi hata franga moja. Mashine ya kupuliza hewa, watu wengi wanaiweka chini, karibu na tanki. Wakati kura inakatika, na sisi wote tunajua inakatika mara ngapi, hewa inaacha kusukuma na maji yanaanza kurudi mu kijibomba, yanashuka polepole mpaka ndani ya mashine. Kura ikirudi, mashine imejaa maji. Iweke juu kupita uso wa maji, fungia ukutani, basi. Iko pia klape ndogo ya kuzuia maji kurudi, lakini kuweka juu kunatosha na hakuchakai. Kwa maoni yetu mashine ya hewa ni bora kuliko pompe ya kuzama, juu ndani ya maji kunaingia kijibomba tu, hakuna waya.

Waya wowote unaotoka kwa tanki kwenda prizi, uache ushuke kwanza chini kupita prizi, halafu upande. Maji yanayofuata waya yataanguka pale inapopinda, hayatafika ndani ya prizi. Na multiprizi isilale chini. Tumekuta moja imefungwa ndani ya sashe ya plastiki ili isilowe. Sashe ilikuwa imejaa maji ya mvuke. Ipigwe misumari ukutani, mbali na matanki, kwa kimo cha kifua.

Chuma cha kupasha maji kinaomba angalisho lake. Kile cha kioo kikibaki nje ya maji kikiwa kinawaka, halafu ukirudisha maji ya baridi, kioo kinapasuka na waya wa moto unabaki wazi ndani ya tanki. Mbele ya kupunguza maji, vuta fishi, ngoja dakika 15, halafu anza kazi. Na ile chuma ya kuchemshia maji ya chai mu ndoo, isiingie kabisa ndani ya tanki la samaki. Hiyo tumeiona kwa macho yetu.

Wale wa groupe: kuzima courant ya kampuni na kuwasha groupe hakubadilishi hatari, ni volti zile zile. Tena groupe nyingi ndogo nyaya zake hazikufungwa na ardhi, na hapo diferansieli inaweza isiruke hata kama kuna mbovu. Fundi ndiye wa kuiunganisha. Na groupe ikae nje. Moshi wake ndani ya nyumba iliyofungwa unaua mtu akiwa usingizini. Wale wa jua wako na bahati: pompe ya volti 12 inayopata kura moja kwa moja kutoka batri haiwezi kumkamata mtu hivyo. Lakini ukipitisha mu konvertisere ili upate 220, umerudi pale pale.

Sheria ya kazi ya kila siku ni moja: mkono hauingii mu maji mbele fishi zote hazijavutwa. Tunasema fishi, si kidude cha kuzimia. Kile kinakata waya mmoja tu, na kama fundi aligeuza nyaya, kinakata ule usiofaa na waya wa moto unabaki ndani ya maji. Kambale wakubwa wanaweza kupumua hewa ya juu, na hata vitoto vinavumilia dakika chache bila mashine. Vaeni pia butu au sandali za kauchu. Zinasaidia, lakini hazichukui fasi ya kuvuta fishi.

Mtu akikamatwa, usimguse. Kata kura kwanza, kwa fishi au kwa disjonkteri kubwa. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu, msukume waya na mti mkavu au plastiki. Asipopumua, tuma mtu aite msaada, na wewe anza kufinya katikati ya kifua kwa mikono miwili, kushuka sentimetre 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wengine wafike. Na hata akiinuka akisema «Niko muzuri, papa, niache nirudie kazi», apelekwe kituo cha afya siku ile ile, juu moyo unaweza kusumbua nyuma ya masaa. Ule mama hakutaka kwenda. Kijana wake ndiye alimbeba juu ya pikipiki.