Sanduku la Chujio la Hewa katika Pikipiki ya Chama



Kiangazi kimoja nilikwenda kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi. Kabla sijafungua daftari la fedha, wanachama walinieleza lalamiko lao, kwamba Katibu alikuwa akiuza oili ya pikipiki ya chama. Stakabadhi zilionyesha ununuzi wa lita moja karibu kila wiki. Injini ya pikipiki ile, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 150, huchukua oili ipatayo lita moja tu, nayo haitazamiwi kuisha kabla ya wakati wa kuibadili. Shaka ya wanachama ilikuwa na msingi.

Niliomba pikipiki iwashwe uani. Moshi wa buluu ukatoka mbele ya macho yetu sote. Tulipofungua ubavuni tukakuta sanduku la chujio la hewa limeondolewa, na mdomoni mwa kabureta pamefungwa chujio dogo la wazi, lenye umbo la pia, lililonunuliwa dukani. Oili haikuuzwa, ilikuwa ikiungua ndani ya injini. Katibu hakuwa mwizi, lakini pia hakukosa lawama, kama nitakavyoeleza.

Kazi ya sanduku

Injini haiendeshwi na petroli peke yake. Ili lita moja ya petroli iungue sawasawa, katika mwinuko wetu huhitajika hewa lita zipatazo 10,000, yaani hewa ya kujaza mapipa 50 ya lita 200. Hewa yote hiyo hupita katika chujio. Katika barabara zetu za udongo za Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni, toka Juni hadi Oktoba, hewa hiyo imejaa vumbi.

Sanduku hufanya kazi tatu. Kwanza, hulikinga chujio lisipigwe moja kwa moja na vumbi, matope na maji. Pili, hutuliza hewa ili kabureta ipokee kiasi kile ambacho watengenezaji walikipimia petroli yake. Tatu, hupunguza mlio wa injini inapovuta hewa. Aidha, katika pikipiki nyingi mpira wa kupumulia injini huingia humo. Sanduku likiondolewa, mpira huo huachwa ukining'inia wazi penye vumbi.

Kwa nini huondolewa

Sababu ya kwanza ni uhaba wa fedha. Sanduku la plastiki hupasuka, na fundi huona chujio la wazi ni rahisi kuliko sanduku jipya. Sababu ya pili ni ahadi ya nguvu. Mji wa Singida uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na kabureta iliyopimiwa nchi za chini huku hutoa petroli iliyozidi kidogo. Hewa ikiongezwa, yamkini injini ikachangamka kwa muda. Mlio nao huongezeka, na sikio hudhani kwamba mlio ni nguvu.

Wanaoendesha pikipiki za mashindano hutumia machujio hayo, lakini hubadili pia jeti za kabureta, na injini zao hufunguliwa mara kwa mara. Pikipiki ya chama haimo katika mashindano. Kazi yake ni kumfikisha Katibu ghalani na kumrudisha.

Madhara yake

Hewa ikizidi petroli, injini hupata joto kupita kiasi. Dalili zake ni ekzosi kupiga vishindo mkono unapolegezwa, injini kusitasita mkono unapovutwa, na ncha ya plagi kuwa nyeupe badala ya hudhurungi.

Dhara kubwa zaidi ni vumbi. Machujio mengi ya bei nafuu ni waya na sponji nyepesi tu. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya hufanya kazi ya msasa. Ringi za pistoni hulika, oili hupanda na kuungua, na nguvu iliyoahidiwa hupungua kuliko ile ya awali. Gharama ya kuchonga silinda na kununua pistoni na ringi hailingani hata kidogo na bei ya sanduku.

Yatupasayo kufanya

(a) Chujio la karatasi likung'utwe taratibu na kupulizwa toka ndani kwenda nje. Lisioshwe wala lisipakwe oili. Likichakaa, libadilishwe.

(b) Chujio la sponji lioshwe kwa maji na sabuni, likaushwe kabisa, lipakwe oili na kukamuliwa bila kusokotwa. Sponji kavu haizuii vumbi laini.

(c) Wakati wa vumbi, chujio lifunguliwe kila wiki. Kila mara, kitambaa cheupe kipitishwe ndani ya mpira unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye kabureta. Kitambaa kikitoka na vumbi, hewa chafu inapita: ama chujio limetoboka, ama mpira umepasuka. Kipimo hiki hakihitaji fundi, na mwanachama yeyote aweza kukishuhudia.

(d) Iwapo sanduku limekwisha ondolewa, lirudishwe. Wakati linatafutwa, chujio la wazi lisafishwe kila siku ya safari, na mpira wa kupumulia usiachwe wazi.

Upande wa vitabu

Pikipiki ya chama ni mali ya wanachama, iliyonunuliwa kwa jasho la alizeti na vitunguu vyao. Kuondoa sehemu yake si shauri la fundi na Katibu wawili. Jambo hilo lipelekwe kwenye Bodi na kuandikwa katika muhtasari. Kila pikipiki iwe na daftari lake la kuandikia kilomita, petroli, oili, spea, na tarehe ya kusafisha chujio. Oili ikianza kuongezeka, daftari litasema mapema.

Katibu yule angekuwa na daftari la namna hiyo, asingetuhumiwa kwa miezi mitatu mbele ya majirani na watoto wake. Kosa lake lilikuwa kukubali neno la fundi bila kuishauri Bodi, na Bodi nayo ilikosea kwa kupitisha stakabadhi kila mwezi bila kuuliza oili inakwenda wapi. Mkutano ulimwondolea tuhuma ya wizi, ukaagiza sanduku linunuliwe na injini itengenezwe. Fedha za matengenezo zilitoka katika fungu ambalo wanachama walikuwa wamelitenga kununulia turubai za kuanikia alizeti. Msimu ule, alizeti ilianikwa chini.