Akili Haipimwi kwa Kibaba Kimoja

Wahenga wetu walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Usemi huu twausikia tangu utotoni, kisha twausahau siku tunapokabidhiwa madaraka ya kuwapanga wenzetu kwa mafungu: huyu hodari, huyu mzito, huyu arudi kwao. Sisi tunaoyaandika haya twaungama kwamba tuliusahau pia.

Tulipotoka katika chuo cha maofisa, nyota moja ikiwa begani, tulitumwa kusaidia kazi ya kuwachagua makuruta. Kila kijana alipewa karatasi yenye safu za maumbo, akatakiwa kuchora lililokosekana kwa dakika chache. Kijana mmoja aliirudisha karatasi yake nyeupe kama alivyoipokea, nasi tukaliweka jina lake katika fungu la wasiofaa. Jioni, tulipokuwa tukigawa nauli za kurudia makwao, tulimwuliza ni umbo gani lililomshinda. Alisimama wima, akajibu kwa adabu: "Hakuna, afande. Nilidhani karatasi ya serikali haichafuliwi." Kisha akaokota kijiti, akayachora majibu yake mchangani. Alikosa moja tu. Lakini orodha ilikwisha tiwa sahihi, na lori lilikuwa likingoja.

Ndugu wasomaji, huenda mkadhani hilo ni kosa dogo la kambi moja. La hasha. Historia ya saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, inatuonyesha kosa lilo hilo likitendwa na mabingwa, tena juu ya umati wa watu.

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga mtihani wa kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Nia ilikuwa njema, na madai yalikuwa ya kiasi. Binet hakusema kwamba amekipata kipimo cha akili ambayo mtu huzaliwa nayo na kufa nayo. Yeye aliamini kwamba akili yaweza kukuzwa kwa mafunzo.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, wataalamu wakiongozwa na Robert Yerkes walilitungia jeshi mitihani miwili. Ule wa Alfa ulikuwa wa wajuao kusoma Kiingereza; ule wa Beta, wa picha, ulikuwa wa wasiojua. Askari wapatao 1,750,000 walipimwa. Katika Beta walionyeshwa picha zenye upungufu: uwanja wa tenisi usio na wavu, nyumba isiyo na dohani ya kutolea moshi. Wengi wa waliofanya mtihani huo hawakuwa wamewahi kushika kalamu. Imesimuliwa habari ya askari mmoja mzaliwa wa Sicily ambaye, mahali pa dohani, alichora msalaba, kama alivyozoea kuuona juu ya nyumba za kwao. Alihesabiwa kuwa amekosa.

Mwaka 1923 Carl Brigham, mmoja wa wasaidizi wa kazi ile, alitoa kitabu kuhusu matokeo hayo. Hesabu zilimwonyesha kwamba wahamiaji waliokwisha kaa Marekani miaka ishirini walipata alama sawa na wazaliwa, na waliofika karibuni walipata chache. Hapo ndipo penye fundisho letu. Tarakimu ni jambo moja, na sababu yake ni jambo la pili. Mwenye fikra za kisayansi huuliza: ni nini kingine kingeweza kuzaa tarakimu hii? Je, si kwamba aliyekaa zaidi amejifunza lugha, kalamu, tenisi na dohani? Brigham hakulikubali jibu hilo lililokuwa mbele ya macho yake. Alichagua kusema kwamba wageni wa karibuni walikuwa wa nasaba hafifu. Mwaka uliofuata, 1924, Marekani ilipitisha sheria ya kuwabana wahamiaji wa Ulaya ya kusini na mashariki. Hatusemi kitabu kile ndicho kilichoizaa sheria hiyo. Twasema tu kwamba hoja za namna ile zilikuwa zikivuma katika masikio ya watu wa zama zile.

Hata hivyo, Brigham astahili heshima kwa jambo moja. Mwaka 1930 aliandika hadharani kwamba uchunguzi wake ule haukuwa na msingi. Kukosa ni ubinadamu. Kukiri kosa mbele ya wasomi wenzako ndiyo sayansi yenyewe.

Ushahidi mwingine unatoka huku huku Afrika. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha uchunguzi uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Walipochora kwa kalamu juu ya karatasi, Waingereza waliongoza. Walipoyaunda kwa waya, Wazambia waliongoza, kwani watoto wa huko huunda magari ya waya kila siku. Walipofinyanga kwa udongo, walitoshana nguvu. Laiti mtihani ungekuwa wa kalamu pekee, tungesema nini juu ya watoto wa Zambia? Na ungekuwa wa waya pekee, tungesema nini juu ya wa Uingereza?

Hatusemi kwamba mitihani itupwe. Jeshi haliwezi kumkabidhi mtu ramani au redio bila kumjaribu, wala shule haiwezi kupandisha darasa kwa kubahatisha. Tusemacho ni kwamba kibaba kimoja hakipimi mtama, maji na kitambaa. Kabla ya kuandika "hafai", mpimaji ajiulize kama anayepimwa amekielewa alichoambiwa, na kama amewahi kukishika kifaa alichopewa. Baada ya hapo, amwulize mwenyewe.

Sisi tulimwuliza yule kijana, lakini tulimwuliza jioni. Tangu siku ile, kila tunapokaa mezani na orodha ya makuruta, twauliza asubuhi.